Kuacha sigara mkiwa kundini: mwongozo kamili kwa aliyejaribu akarudi

Karibu kila wiki napata ujumbe wa aina moja. Mtu ameingia kwenye kundi la WhatsApp la kuacha sigara, ametangaza siku yake, amepongezwa, amekaa siku nne au tano, halafu akavuta moja. Hapo akanyamaza. Hakujitoa wala hakusema kitu. Alibaki kundini akisoma za wenzake kama mtu anayechungulia dirishani, na mwezi ulipoisha alikuwa amerudi kwenye pakiti nzima.

Nimevuta miaka kumi na minne. Niliacha katika jaribio la tano, na tangu hapo nimesaidia kuendesha kundi dogo la watu wanaoacha. Nimeona kwamba kundi lina kazi katika nyakati mbili tu: zile dakika chache kati ya kutamani na kuwasha, na zile saa chache baada ya kuteleza. Makundi mengi yameundwa kwa ajili ya pongezi, na pongezi haipatikani katika nyakati hizo. Hatua zote hapa chini zimepangwa kuzilinda.

Mwongozo ni wa mvutaji wa kila siku. Wa shisha na wa ugoro nao wanaweza kuufuata, maana nikotini ni ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Daftari dogo na kalamu, vinavyoingia mfuko uleule wa pakiti ya sigara.
- Simu yenye bando la wiki mbili na salio la kupiga kawaida. Bando likikata saa nne usiku, kundi zima limekatika.
- Watu 8 hadi 12 wa kundi. Angalau wawili wawe wameshaacha kwa zaidi ya miezi sita.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua siku yako: mke, mume, mama, hata mwenzako wa chumba.
- Vya kushughulisha mdomo: karafuu, tangawizi mbichi iliyokatwa, mswaki wa mti, karanga, karoti.
- Chupa ya maji ya kutembea nayo.
- Kibubu kisichofunguka bila kuvunjwa.
- Plasta au gamu ya nikotini, kama hesabu ya Hatua ya 1 itaonyesha unaihitaji.

Kama ni mjamzito, kama umewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi hivi karibuni, kama una kifafa, au una umri chini ya miaka 18, muone daktari kabla ya kununua dawa yoyote. Kuacha sigara kwenyewe hakusubiri ruhusa ya mtu.

## Hatua ya 1: Jihesabu siku saba bila kupunguza

Vuta kama kawaida yako, ila kila sigara iandike kabla ya kuiwasha: saa, mahali, uko na nani, na hamu ina nguvu kiasi gani kuanzia 1 hadi 3. Ukurasa unafanana na huu:

*12:10 asubuhi, kitandani, peke yangu, 3.*
*1:35, kituoni nasubiri daladala, 1.*
*4:00, chai, wenzangu wa kazini, 2.*
*7:20 mchana, baada ya wali, peke yangu, 3.*
*11:45, kijiweni, watu sita, 1.*

Tazama hizo 1. Ni sigara ambazo mwili haukuziomba; mkono ulikwenda wenyewe kwa sababu ya mahali. Zile 3 ndizo zinazodai nikotini kweli. Huwezi kupigana nazo kwa silaha moja, na wengi wanashindwa kwa sababu hawajawahi kuzitenganisha.

Toa pia namba mbili: unavuta ngapi kwa siku, na ni dakika ngapi tangu uamke hadi ya kwanza. Ukiwasha ndani ya dakika 30 za kuamka, utegemezi wako ni mkubwa. Usijaribu kuacha bila kitu cha kusaidia mwili kama kinapatikana.

Angalia: anayeanza kupunguza wiki hii anaharibu hesabu yake. Hujaacha bado. Andika tu.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kumtajia mtu mwingine sigara zako tatu ngumu bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Unda kundi dogo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kasoro karibu zote ninazoletewa.

Utafiti mmoja wa Hong Kong, uliochapishwa 2015, uliwafuatilia watu waliokuwa wameacha sigara hivi karibuni. Wengine waliwekwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa miezi miwili, wengine Facebook, wengine hawakupewa kundi. Kufikia mwisho wa miezi hiyo, waliorudi kuvuta kwenye WhatsApp walikuwa 7 kati ya 42. Kwa wasio na kundi walikuwa 23 kati ya 54. Facebook haikuonyesha faida hiyo, na huko watu waliandika mara chache mno. Kwa hiyo kundi linalosaidia ni lile ambalo watu wanaongea. Lenye watu 200, ambalo asubuhi linajaa picha za maua na "Ijumaa Kareem", halikuoni ukipotea.

Kumi wanatosha. Mmoja akikosekana, pengo linaonekana.

### Kanuni tulizozibakiza

Tulianza na kanuni kumi na tano. Zilizobaki ni hizi.

Hakuna matangazo, siasa, wala video za kusambaza, hata za dini. Ukizoea kupuuza mlio wa kundi, utaupuuza na siku mwenzako anaungua.

Mahudhurio ni mara mbili: saa 1 asubuhi na saa 3 usiku. Kila mtu anaandika idadi ya siku zake na neno moja la hali yake. "Siku 6, hasira." Inatosha. Asiyeonekana mara mbili mfululizo anapigiwa simu na mtu wa zamu, faraghani. Asiulizwe mbele ya kundi. Ukimuuliza hadharani unamfundisha kudanganya.

Zamu ni watu watatu kwa siku, mmoja wao wa usiku. Majina yanabandikwa juu ya kundi kila Jumapili. Kama kuna mwanachama aliye Muscat au Minneapolis, mpeni saa zinazomfaa: saa tisa usiku ya Dar es Salaam au Mombasa ni jioni tu kwa aliye Minneapolis.

Aliyeteleza hahubiriwi. Hapewi picha za mapafu meusi. Kanuni hii ndiyo inavunjwa zaidi, na huvunjwa na watu wenye nia njema.

Mwisho, neno la dharura. Letu ni MOTO. Mtu akiandika MOTO, na mahali alipo kama anaweza, aliye zamu anapiga simu. Neno liwe fupi, kwa sababu mwenye arosto, yaani ambaye mwili wake unadai nikotini, vidole havimtulii.

### Faragha, hasa kwa wanawake

Kwenye kundi la WhatsApp namba yako inaonekana kwa wote. Kwa mwanaume mvutaji hilo si jambo kubwa. Kwa mwanamke wa kwetu anayevuta akiwa amejifungia bafuni, akichoma udi kuficha harufu, linaweza kuvunja nyumba. Nimewaona dada wakiacha kutafuta msaada kwa sababu hiyo peke yake.

Wawekeeni kundi lao, na muwaruhusu kutumia laini ya pili na jina la bandia. Washeni ujumbe unaotoweka baada ya siku 7. Mpangilio wa kuongeza watu uachieni wasimamizi pekee, ili shemeji wa mtu asijikute ameingizwa ndani.

### Jaribio la dakika tano

Kabla ya siku ya kuacha, msimamizi amwombe mtu mmoja aandike MOTO wakati ambao hakuna anayetegemea, tuseme saa tano usiku ya Jumanne. Pimeni muda hadi simu iite.

Umefanikiwa ukiwa simu imeita ndani ya dakika tano. Ikipita hapo, badilisheni zamu na mjaribu tena. Msianze na kundi lisilopiga simu.

## Hatua ya 3: Chagua siku, kisha safisha

Siku iwe ndani ya wiki mbili zijazo. Epuka wikiendi ya mshahara na wiki yenye harusi au safari ndefu. Kwa Waislamu Ramadhani inafaa sana, maana tayari unakaa zaidi ya saa kumi na mbili bila moshi kila siku. Kazi inabaki kwenye ile sigara ya baada ya futari, na hiyo ipangie mtu wa kuwa naye, au ondoka mezani moja kwa moja kwenda tarawehe.

Acha kwa mara moja. Najua wengi wanapenda kushuka polepole, kumi, tano, mbili. Utafiti wa Uingereza wa 2016, wenye watu 697, ulilinganisha njia hizo: baada ya wiki nne, asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa bado hawajavuta, dhidi ya asilimia 39 ya waliopunguza. Sigara zinapobaki mbili kwa siku, kila moja inakuwa tamu kupita kiasi na unaishi ukiisubiri.

Usiku wa kuamkia siku hiyo:

Fua nguo zote zenye harufu, koti la mvua na mapazia pia. Toa kila sigara, hata kile kipisi ulichokizima nusu ukakiweka kwenye mfuko wa shati au chini ya siti ya pikipiki. Ivunje na uilowanishe kabla ya kutupa. Sigara nzima ndani ya pipa bado ni sigara, nakuambia kwa kuwa nimewahi kuichukua.

Nenda kwa muuzaji wako. Wengi wetu hatununui pakiti, tunanunua moja moja dukani kwa Mangi au kibandani. Kenya ilikataza kwa sheria ya 2007 kuuza chini ya sigara kumi, na bado moja moja zipo kila kona, kwa hiyo usitegemee sheria ikulinde. Mwambie uso kwa uso: "Kaka, kuanzia kesho usiniuzie hata nikikuomba." Wengine hucheka. Wengi hukumbuka, na aibu ya kumrudia inakupa sekunde za kufikiri.

### Pesa ya kibubu

Ukivuta sigara 12 kwa siku, na tuseme moja ni shilingi 200, hiyo ni 2,400 kwa siku na 72,000 kwa mwezi wa siku 30. Iweke kibubuni kila jioni, muda uleule ulionunulia.

Ufilipino kulikuwa na mpango wa benki ambapo mvutaji aliweka akiba yake kwa miezi sita, kisha akapimwa mkojo. Ukikutwa na nikotini pesa inakwenda kwenye hisani. Waliopewa nafasi hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wameacha, hata walipopimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka. Sisi hatuna kipimo cha mkojo, lakini tuna watu wa nyumbani wenye pua. Kibubu akae nacho yule uliyemwambia, na mkubaliane mapema pesa itakwenda wapi ukirudi kuvuta.

Angalia: pesa isikusanywe na msimamizi wa kundi. Kundi likianza kushika fedha za watu linageuka upatu, na ugomvi wa fedha utaliua kabla ya arosto.

## Hatua ya 4: Plasta na gamu, kama unavihitaji

Nikotini ndiyo inayokufunga. Lami, monoksidi ya kaboni na takataka nyingine za moshi ndizo zinazoua. Plasta inakupa nikotini kidogo kidogo bila moshi, kisha unaipunguza. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa za aina hii kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Zinapatikana zaidi kwenye famasi kubwa za mjini, na si rahisi kwa bei. Ukizikosa, endelea na hatua zilizobaki, lakini mwambie mtu wa zamu kwamba unaacha bila dawa ili akukague mara nyingi zaidi siku tatu za kwanza.

Plasta. Unavuta zaidi ya 10 kwa siku: 21 mg wiki 6, kisha 14 mg wiki 2, kisha 7 mg wiki 2. Unavuta 10 au pungufu: 14 mg wiki 6, kisha 7 mg wiki 2. Bandika asubuhi kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, begani au kifuani, kila siku mahali tofauti. Kwenye joto la pwani hutoka kwa jasho, kwa hiyo kausha kwa taulo, usipake mafuta sehemu hiyo, na bonyeza kwa kiganja sekunde kumi. Ikikuletea ndoto kali, ivue kabla ya kulala.

Gamu. 4 mg kama sigara yako ya kwanza ni ndani ya dakika 30 za kuamka, 2 mg kama ni baadaye. Si bazoka ya kutafuna mfululizo. Itafune taratibu hadi uhisi pilipili, ikae kati ya shavu na fizi, pilipili ikiisha tafuna tena, kwa nusu saa hivi. Ukiimeza ile juisi utapata kwikwi na kiungulia. Usinywe chai, kahawa, soda wala juisi dakika 15 kabla yake au ikiwa mdomoni. Uchachu unazuia nikotini isiingie. Wanaosema "gamu haifanyi kazi" nikiwauliza, wengi waliitafuna na chai.

Zipo pia bupropioni na vareniklini, vidonge vya kusaidia kuacha ambavyo huandikwa na daktari. Mwenye kifafa asiguse bupropioni.

Angalia: moshi wa sigara hulifanya ini livunje baadhi ya dawa haraka. Ukiacha, dawa hizo hupanda mwilini. Kama unatumia aminofilini au teofilini ya pumu, klozapini, olanzapini au warfarini, mwambie daktari siku unayoacha. Anayejidunga insulini naye apime sukari mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 5: Saa 72 za kwanza

Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Saa 12, monoksidi ya kaboni kwenye damu imerudi kawaida. Hutahisi hata moja kati ya hayo. Utakachohisi ni hasira, kichwa kizito, njaa isiyoshiba, na akili kutotulia kwenye jambo moja. Hiyo ndiyo arosto. Hupanda hadi kileleni ndani ya siku tatu za kwanza hivi, na sehemu kubwa huisha kati ya wiki ya pili na ya nne.

Waambie watu wa nyumbani mapema: "Siku tatu hizi nikifoka, naombeni mnivumilie." Sentensi hiyo imeokoa wengi, kwa sababu ugomvi wa nyumbani ndio mlango wa kwenda dukani.

Kahawa na chai ya rangi, kata nusu. Ileile kasi ya ini niliyoitaja inahusu kafeini pia: kikombe ulichozoea sasa kitakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo udunde, usingizi ukimbie, nawe useme ni sigara unayoikosa. Mzee mmoja wa kahawa chungu alikaa siku mbili bila kulala. Alipotoka vikombe vinane hadi vitatu, alilala usiku uleule.

Tumbo linaweza kufunga. Kula papai, mboga za majani, maji mengi. Vidonda vidogo vya mdomo navyo hutokea na hupona.

Kikohozi kinaweza kuongezeka, kwa sababu mapafu yanaanza kujisafisha. Lakini ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukatoka jasho la usiku, ukapungua, au ukaona damu kwenye makohozi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Usikubali mtu akuambie "ni sigara inatoka".

Kijiweni usiende. Siku tatu tu. Wa zamu ya usiku kazini, mlinzi au dereva, omba mabadiliko ya zamu kama unaweza, kwa sababu anayevuta ili asisinzie anapigana na mambo mawili pamoja.

Umefanikiwa ukiwa umefika jioni ya siku ya tatu bila hata pafu moja. Namaanisha hata moja. Pafu la kuonja katika wiki mbili za kwanza ndilo linalotabiri kurudi kuliko kitu kingine ninachokijua.

## Hatua ya 6: Andika kabla hujawasha

Ukikumbuka hatua moja katika mwongozo huu wote, iwe hii.

Hamu moja ya sigara hukaa dakika chache, mara nyingi tatu hadi tano, mara chache inafika kumi. Haiongezeki bila mwisho. Inapanda, inasimama, inashuka, uvute usivute. Wewe hujawahi kuona ikishuka yenyewe kwa sababu siku zote uliizima kwa moshi.

Tatizo ni kwamba watu huandika *baada* ya kuvuta. Wakati hamu iko juu wanaona aibu kuwasumbua wenzao kwa kitu kidogo. Kanuni yetu ni kwamba hairuhusiwi kuwasha kabla ya kuandika. Ukitaka kuvuta utavuta, ila andika kwanza. Mazungumzo halisi huwa mafupi hivi:

*"MOTO. Nje ya baa, mwenzangu kanipa tayari iko mkononi."*

Simu inaita.

*"Kaka, niko hewani. Iko mkononi?"*
*"Ndiyo."*
*"Mrudishie. Usiseme umeacha, sema kifua kinauma. Halafu tembea kuelekea barabarani, tuongee."*
*"Kanicheka."*
*"Acha acheke. Umefika wapi?"*
*"Kwenye chipsi."*
*"Nunua maji. Nisikie unakunywa."*

Mpokeaji hatoi mafunzo kuhusu saratani. Anamtoa mtu mahali, anampa mkono kitu, na anabaki kwenye simu hadi dakika kumi ziishe. Ukiwa wewe ndiye mwenye hamu na hakuna aliyepokea, fanya hayohayo peke yako: ondoka ulipo, kunywa maji kwa mafundo madogo, weka karafuu mdomoni, vuta pumzi kwa pua taratibu na uitoe kwa mdomo mara kumi, kisha tazama saa. Walioko Kenya wanaweza pia kupiga 1192, namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya.

Angalia: usitibu hamu kwa shisha, kuberi, ugoro, wala vile vipakiti vya nikotini vya kuweka chini ya mdomo vinavyouzwa kama pipi. Mirungi nayo, kwa wengi wetu, haijawahi kwenda bila sigara. Ukitafuna, utawasha.

Umefanikiwa ukiwa umeandika MOTO angalau mara tatu katika wiki ya kwanza. Asiyeandika hata mara moja namtilia shaka, na huwa nampigia.

## Hatua ya 7: Ukiteleza

Kwa wanaojaribu bila msaada wowote, 3 hadi 5 kati ya 100 ndio hufika miezi sita hadi mwaka. Kwa hiyo kuteleza kutatokea ndani ya kundi lenu, na mjue mapema mtakachofanya.

Ndani ya saa moja, andika mambo matatu: nimevuta ngapi, wapi, na nini kilitokea dakika kumi kabla. Usiombe radhi. Hujamkosea mtu.

Kundi linajibu kwa swali moja: "Iliyobaki iko wapi?" Kama kuna pakiti, inalowanishwa sasa hivi, na picha inatumwa. Kisha hesabu inaendelea. Sisi hatumrudishi mtu sifuri. Tunaandika "Siku 11, teleza 1". Tulipokuwa tukirudisha sifuri watu walificha, kwa sababu hakuna anayetaka kupoteza siku ishirini kwa sigara moja. Na aliyeificha moja, kesho huvuta tatu kwa kuwa ameshaharibu tayari.

Uliye kwenye plasta na umevuta moja, usiivue kwa hofu. Endelea nayo na usivute nyingine.

Ukiteleza mara tatu mahali palepale, tatizo ni mahali. Rudi kwenye daftari la Hatua ya 1 na ubadilishe njia, saa ya chai, au watu wa jioni.

## Hatua ya 8: Wiki ya pili hadi ya kumi na mbili

Mwili umetulia, na sasa inakuja huzuni ambayo wengi hawakuitegemea. Sigara ilikuwa mapumziko yako, na kazini ndiyo ilikuwa ruhusa ya kutoka nje. Tafuta mapumziko mengine: toka nje kwa saa ileile, dakika zilezile, bila moshi. Ikiwa huzuni inazidi wiki mbili na huna hamu ya chochote, au unawaza kujidhuru, mwambie mtu wa zamu leo na uende hospitali.

Uzito unaweza kupanda, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Usianze kujinyima chakula sasa. Badilisha soda kwa maji, tembea vituo viwili kabla ya kupanda daladala. Utagundua unapanda ngazi bila kusimama, maana kati ya wiki 2 na 12 mzunguko wa damu na kazi ya mapafu huanza kuwa bora.

Mahudhurio yapunguzwe kuwa mara moja kwa siku baada ya wiki ya nne. Zamu zisipunguzwe.

## Hatua ya 9: Miezi mitatu na kuendelea

Waliorudi wakiwa na miezi mitano, minane, hata mwaka, wengi wananisimulia mambo matatu: pombe, msiba, na "nimeshashinda, moja haina neno". Kwenye msiba wanaume wanakaa nje usiku kucha, pakiti inazunguka, na kukataa kunaonekana kujitenga. Nenda na tangawizi mfukoni, keti upande wa wazee wasiovuta, jitolee kuchemsha chai au kupanga viti. Kabla hujatoka nyumbani andika kundini: "Naenda msibani, nitakuwa huko hadi alfajiri." Wa zamu ya usiku anajua la kufanya.

Mwaka mmoja ukitimia, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Vunja kibubu siku hiyo, na ununue kitu kinachoonekana: godoro, baiskeli ya mtoto, mabati. Kitu utakachokipita kila siku.

Ukifika miezi sita usijitoe kundini. Chukua zamu ya usiku, mara moja kwa wiki inatosha, na uweke mlio wa kundi tofauti na milio mingine. Ukiona MOTO saa nane za usiku, usianze kuandika. Piga.